Nilisaini karatasi ya wizi ili nirudi nyumbani na mwanangu

Shikamoo mama,

Naomba unisitiri jina. Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wetu wawili. Leo ni siku ya kumi na moja silali vizuri, na kila ninayemweleza namwona ananitazama usoni akijiuliza kama nasema kweli.

Ijumaa ya wiki ile nilikwenda mjini kuchukua zipu na vifungo vya sare za shule. Nilikuwa na mwanangu mkubwa, ana miaka minane. Mdogo wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku mbili kabla, na mtoto ameandikiwa maziwa ya kopo kwa muda. Basi tukaingia supamaketi moja kubwa. Nilikuwa na kikapu changu cha ukindu, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 sitoki bila hicho. Mkono wa pili nilishika kikapu cha dukani, nikaweka sabuni, mchele kilo mbili na nepi.

Nilipofika kwenye rafu ya maziwa simu ikaita. Shemeji yangu. Anasema mdogo wangu anatokwa damu nyingi, wanamrudisha chumba cha upasuaji. Simu nimeibana kwa bega, mtoto ananivuta sketi, kopo liko mkononi. Nikaliweka. Mama, wakati ule ungeniuliza nimeliweka wapi nisingeweza kukwambia. Nilikuja kukumbuka baadaye, nimekaa kwenye kreti la soda kule stoo: nililiweka kwenye kikapu changu, juu ya pakiti za zipu, bila kulifunika na chochote.

Nikalipia vilivyokuwa kwenye kikapu cha dukani, Sh31,400. Keshia hakuuliza kitu, na akili yangu ilikuwa hospitali. Pale mlangoni alamu ikalia. Nilirudi nyuma mwenyewe nikamfungulia mlinzi kikapu, nikidhani ni nepi hazikuzimwa vizuri. Aliliona kopo kabla yangu. Akalinyanyua juu ya kichwa chake, akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi wa maziwa huyu!" Mlango uko wazi, na nje ni kituo cha daladala. Niliona vijana watatu wa bodaboda wanasimama.

Walitupeleka stoo. Mlinzi wa kiume alinipekua kiunoni mbele ya mwanangu. Aliyejiita meneja akaleta karatasi iliyokwisha kuandikwa, imeachwa nafasi ya jina tu: nimekamatwa nikiiba, nimekiri kosa, niko tayari kulipa. Akasema kopo ni Sh38,000 na faini ni mara tano. Nikikataa ni polisi, na mtoto atalala mahabusu pamoja nami. Nikasaini. Nikalipa Sh190,000 kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi. Sikupewa risiti. Kisha wakanipa kopo nilishike kifuani, wakanipiga picha.

Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu. Mimi ndiye sijapona. Mume wangu aliniuliza swali moja tu usiku ule: "Kama hukuiba, kwa nini ulisaini?" Nililia, hakuuliza tena, na hajaligusa jambo hilo mpaka leo. Mwanamke mmoja wa kikoba chetu ameiona picha yangu imebandikwa karibu na makeshia wa lile duka. Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba, mwaka wa tatu sasa. Jumapili iliyopita mwenyekiti akaomba fedha za sanduku zihesabiwe mara mbili. Haijawahi kutokea. Wote walikuwa wakitazama chini. Juzi mteja wangu amekuja kuchukua kitenge chake ambacho hata sijakikata, akasema amebadilisha mawazo.

Na mwanangu, mama. Jana nilimtuma chumvi duka la Mangi hapa jirani, akakataa kwenda peke yake. Tukaenda wote. Alipoingia akafumbata mikono nyuma ya mgongo, akasimama katikati ya duka mbali na rafu, mpaka tulipotoka.

Mume wangu anataka tunyamaze, yatapita. Kaka yake anasema twende mahakamani. Mimi nataka ile picha itoke pale ukutani. Je, niachie uweka hazina kabla sijavuliwa? Nifanyeje?

Fundi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera kwa mdogo wako kuvuka salama.

Nakuamini, na sababu zangu ni hizi. Kopo halikufunikwa. Ulilipia vitu vya Sh31,400 kwa utulivu mbele ya keshia. Alamu ilipolia ulirudi nyuma na kufungua kikapu kwa mkono wako, tena ukidhani kosa ni la nepi. Mwenye kuiba hafanyi hivyo. Ule mlango nao hautambui mwizi, unatambua kibandiko ambacho keshia hajakizima kwenye kifaa kilicho mezani kwake. Humlilia aliyesahau, humlilia aliyeficha, na humlilia aliyelipa kila kitu akakutana na keshia aliyechoka. Kutofautisha hao watatu ni kazi ya binadamu, na siku ile dukani hakuna aliyeifanya. Huyo meneja hakukuuliza hata swali moja.

Sheria inauliza. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuchukua peke yake si wizi. Lazima kuwe na udanganyifu, yaani nia, kama ile ya kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja. Kusahau hakuna nia. Wewe ulikosea, ndiyo, na kosa hilo ni lako, usilikatae mbele ya mtu yeyote: uliweka bidhaa ya watu kwenye kikapu chako na ukapita nayo. Lakini ungeombwa urudishe kopo au ulilipie pale pale, jambo lingekuwa limekwisha.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika humu. Kabla ya kazi hii nilikuwa na duka Tandika kwa miaka kumi na sita. Siku moja nilitoka uani nikamwona binti wa jirani anapita mlangoni, pakiti mbili za majani ya chai ameziingiza chini ya khanga. Nilipiga kelele, watu wakajaa. Kumbe alikuwa amemlipa kijana wangu wa dukani dakika moja kabla, na khanga alijifunika kwa sababu ya manyunyu ya mvua. Chenji alikuwa nayo kiganjani, sarafu zimelowa jasho. Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipa kiti na maji ya kunywa. Yule binti hakununua tena kwangu mpaka alipoolewa. Alikuwa akivuka barabara kwenda duka la ng'ambo, hata akitumwa kiberiti.

Kwa hiyo hofu ya wenye maduka naijua. Mali inapotea kweli, na mahali pengi ikipotea hukatwa mishahara ya walinzi na makeshia, watu ambao mshahara wenyewe hautoshi. Maziwa ya kopo ni miongoni mwa vitu vinavyoibwa sana, kwa hiyo macho yao huwa hapo. Hayo yote nayaelewa, na bado nasema walichokufanyia ni kibaya, na kile kilichoniumiza zaidi katika barua yako wewe umekipita haraka. Ni ile sauti mlangoni.

Neno "mwizi" likipaazwa barabarani kwetu, watu hawaulizi limetoka wapi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika katika ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, habari za watu waliouawa na raia wenye hasira, na miongoni mwao wamo waliotuhumiwa wizi tu, hakuna aliyethibitisha. Wale vijana watatu wa bodaboda waliosimama, mwanangu, ndio sababu nimeisoma barua yako mara mbili. Kopo la Sh38,000, na mtoto wa miaka minane amekushika sketi. Mlinzi yeyote anayesoma hapa naomba anisikie: ukimshuku mtu, msogelee, mwambie kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, naomba turudi kaunta." Akiwa mwizi hutakuwa umempoteza. Asipokuwa, hutakuwa umemuua.

Sasa karatasi na fedha. Sheria inamruhusu raia, mlinzi akiwamo, kumkamata anayefanya kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kumfanya mtu mahabusu wa stoo. Faini hutozwa na mahakama na vyombo vilivyopewa mamlaka hayo kisheria. Duka halimo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Na yule mtoto waliyekutishia naye, aliye chini ya miaka kumi kisheria hawezi kuwa na hatia ya jinai ya aina yoyote. Walikutisha kwa kitu ambacho hawana. Hata kama wangekupeleka kituoni kweli, wizi ni kosa lenye dhamana, na ungekuwa na haki ya kumpigia mumeo simu kabla ya kuandika chochote.

Hapo ndipo namjibu mume wako, na naomba umpe aya hii aisome mwenyewe. Baba, mkeo alisaini kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, mtoto analia, mdogo wake yuko chumba cha upasuaji, na mtu mwenye ufunguo anamwambia ukisaini utatoka. Wengi wasio na hatia husaini karatasi za namna hiyo, wanaume na wanawake, tena wengine waliosoma sana. Maneno yanayopatikana kwa vitisho hata mahakamani hupingwa. Swali ulilouliza lilikuwa halali usiku ule. Kulinyamazia siku kumi na moja si haki, kwa sababu ukimya wako ndani ya nyumba yeye anausikia kama hukumu. Mwambie unamwamini, kwa maneno, asikie. Kisha vaa viatu umsindikize.

Maana mtakwenda, mwanangu, na mtakwenda kesho. Kunyamaza yapite kungefaa kama kisingebaki kitu. Imebaki karatasi yenye sahihi yako na picha ukutani, na vitu hivyo havipiti vyenyewe. Tena kuna sababu ya haraka: kamera za maduka hufuta picha za zamani diski ikijaa. Mahali pengine ni mwezi, pengine ni siku chache. Kamera ya ile rafu, kama ipo, imekuona ukiwa na simu begani na kopo likiwekwa wazi. Hiyo ndiyo shahidi wako, na kila siku unayongoja inaweza kuwa ndiyo siku inayofutwa.

Usiende kugombana na mlinzi. Nenda na barua nakala mbili, umwombe meneja mkuu au mwenye duka, akupigie muhuri kwenye nakala yako. Iwe fupi. Andika hivi: "Tarehe fulani, saa fulani, nilizuiliwa dukani kwenu kwa bidhaa niliyoiweka kwenye kikapu changu kwa kusahau. Nilishurutishwa kusaini maelezo na kulipa Sh190,000 kwa namba ya simu ifuatayo. Naomba picha yangu iondolewe na kufutwa, maelezo yale yarudishwe kwangu, fedha zirudishwe au nipewe risiti inayoeleza zimelipwa kwa ajili ya nini, na picha za kamera za saa hiyo zihifadhiwe." Ambatisha ujumbe wa muamala uliobaki kwenye simu yako, na risiti yako ya Sh31,400 iliyotoka kwenye mashine ya kodi (EFD), ile yenye saa.

Hilo la risiti usilione dogo. Kila siku Mamlaka ya Mapato inatuhimiza, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Duka halali likipokea fedha lazima liandike zimeingia kwa jina gani. Sh190,000 iliyokwenda kwenye namba ya mtu binafsi inanipa mashaka kwamba hata mwenye duka hajui kama ilipokewa. Ukiidai risiti mbele yake, mazungumzo yatabadilika, na huenda anayetakiwa kujieleza si wewe tena.

Kuhusu picha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Sura yako ni taarifa yako. Kukubandika ukutani kama mwizi, hakuna mahakama iliyokutia hatiani, ni jambo ambalo duka hilo litapata shida kulieleza. Litaje jina la sheria hiyo kwenye barua yako, mstari mmoja unatosha. Mume wako apige picha ya ule ukuta kabla hamjaikabidhi barua, wasije wakaibandua na kusema haikuwepo.

Shemeji yako anayetaka mahakama hajakosea, amewahi tu. Kumwita mtu mwizi hadharani bila ukweli ni jambo mtu anaweza kulidai fidia. Ila kesi ni ndefu na unayo sare za kushona. Wape siku saba. Wakikupuuza, nenda kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kinasaidia wanawake Dar es Salaam, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa rasmi, uliza ofisi ya kata yako. Wapelekee nakala yenye muhuri.

Kikoba. Usijiuzulu. Ukijiuzulu wiki hii, watakaosikia watasema kweli alikuwa na neno. Lakini usikae pia ukingoja mnong'ono ukuzunguke, kwa sababu wale wanawake walikuwa wakitazama chini kwa aibu, na aibu yao itageuka kuwa umbali. Kabla ya Jumapili nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, si kwa simu, umweleze kama ulivyonieleza mimi, hadi ile kreti ya soda. Kisha kwenye kikao omba wewe mwenyewe sanduku lihesabiwe. Najua vikoba vingi sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Wakumbushe kwa upole kwamba huwezi kulifungua peke yako hata ungetaka. Hesabu ikishatimia, ndipo useme. Dakika tano zinatosha. Usilie ukiweza, na ukilia si kitu.

Yule mteja wa kitenge mwache. Atarudi au hatarudi. Huna uwezo wa kupita mlango kwa mlango Mbagala nzima ukijieleza, na ukijaribu utachoka kabla hujamaliza mtaa mmoja.

Na kwa siku zijazo, neno moja la mwenye duka wa zamani: kikapu chako ukunje ukiweke chini kabisa ndani ya kikapu cha duka, au ukiache mapokezi kama wanapokea. Simu mbaya ikija, weka kila kitu chini sakafuni, zungumza, ukimaliza ndio uokote.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu yeye ndiye amekuwa kichwani mwangu tangu barua ilipofika. Ile mikono nyuma ya mgongo. Yeye aliona mama yake anaitwa mwizi na hakuna aliyemweleza baadaye, maana nyumba nzima imenyamaza. Mtoto akikosa maelezo hujitungia yake, na naogopa aliyojitungia ni kwamba mkono ukigusa kitu dukani, watu wazima watakuja kumchukua mama. Huenda hata anafikiri ni kosa lake, alikuvuta sketi. Mwambie leo usiku, wewe na baba yake mkiwa wote: mama alisahau kwa sababu mama yako mdogo alikuwa mgonjwa sana, mama hakuiba, wale watu walikosea kupiga kelele, na wewe hukufanya kosa lolote.

Usimpeleke kwenye lile duka kesho, abaki na jirani. Mpeleke kwa Mangi. Zungumza na Mangi kabla, umwombe awe na subira. Mpe mtoto Sh2,000 mkononi, mwambie achague biskuti anazozitaka mwenyewe, azishike, azigeuze, azirudishe, achukue nyingine. Usimharakishe. Alipe yeye, ahesabu chenji yeye, na mkitoka abebe yeye.